Usiipige Mvuke

Jumamosi, Msalato, kabla bei hazijaanza kupigiwa kelele,
natandika turubai, nawasha jiko,
birika naliweka juu, si la chai.
Kazi yangu ni kofia kuukuu,
mapama yaliyofika ndani ya mabelo,
chini ya makoti ya baridi ya watu wengine,
yamekunjamana kama mikate iliyokaliwa.

Mteja mgeni nampa somo la kwanza bure:
funga macho. Pitisha kidole gumba hivi, kuelekea nyuma.
Laini, sivyo? Kama sikio la ndama.
Sasa rudi mbele.
Umesikia inavyokukataa?
Hiyo ndiyo ya kweli.
Ya karatasi na gundi haina mbele wala nyuma,
utaisugua mpaka kesho haitakwambia kitu,
na mvua ya kwanza ya Desemba itakuachia uji masikioni.

Ya kweli ni manyoya ya sungura
yasiyofumwa wala kushonwa. Yamepigwa tu,
maji moto na kupigwa, maji moto na kupigwa,
mpaka kila unywele ukamshika mwenzake ukakataa kuachia.
Ndiyo maana haina uzi wa kufumuka.
Ndiyo maana inakumbuka.

Dawa ya kumbukumbu ni mvuke.
Naishikilia juu ya mdomo wa birika, nahesabu hadi ishirini,
inalegea mkononi kama mtoto aliyepitiwa na usingizi;
hapo haijui tena ilikuwa ya nani.
Nabonyeza, naviringa ukingo, napiga brashi,
nauza.

Julai ile, upepo ukileta vumbi kutoka Veyula,
alikuja mama na mfuko wa salfeti.
"Mbukwenyi," akatusalimu sote, mimi na kofia.
Sechelela, mjane wa Mbijima, wa kule Zanka.
Akaitoa. Zamani ilikuwa kahawia,
sasa rangi ya ugali wa uwele uliolala.
Ngozi ya ndani nyeusi kwa jasho la minada,
inanuka moshi, samli, na kitu kama sarafu.
Utepe umeliwa na nondo upande mmoja.
Na juu kwa mbele, pale kofia inaposhikwa ikivuliwa,
vibonyeo vitatu
vimezama hadi manyoya yamekwisha,
vinang'aa kama kizingiti.

Nikanyanyua birika, nikidhani naleta habari njema:
hivi vitatoka, mama, dakika tano tu,
itakuwa kama haijawahi kuvaliwa.

Akaweka kiganja juu ya mkono wangu.
"Vumbi toa. Utepe shona.
Usiipige mvuke."

Basi nikapitisha brashi kavu, polepole, nikifuata manyoya,
nikivizunguka vile vibonyeo
kama afagiaye ua penye kuku anayelalia.
Mara moja tu, yeye akitazama ng'ombe,
nikajaribu kutia vidole vyangu.
Havikukaa. Gumba lilitafuta mahali likakosa.
Nikageuza, nikajaribu mkono wa pili, nikaelewa:
Mbijima alikuwa mtu wa shoto.

Utepe nikaushona kwa uzi wa viatu, sikuwa na mwingine.
Nikamwambia hakuna deni, sijafanya kitu.
Akafungua ncha ya kanga, akahesabu elfu tano,
noti moja moja, zile za elfu elfu.
"Kuacha nako ni kazi."

Akaivaa juu ya kitambaa cha kichwa,
ikamshukia hadi kwenye nyusi,
akafungua maksai wawili aliowafunga kwenye uzio.
Nilimwona wakati wote, fimbo mkono wa kushoto.

Alipofika kwa karani wa mnada
fimbo akaihamishia kulia.
Mkono wa kushoto ukapanda kofiani,
ukapapasa kidogo,
ukapata.